Saini ya Miaka Minne

Rejista nne za famasi si mzigo wa kubebwa na mtu ambaye hajatia kitu tumboni. Mama Mizani alizibeba hivyohivyo ndani ya gunia, kwa miguu, kutoka hospitalini mpaka ofisi za Baraza la Wafamasia. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi la korido. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa magadi ya kuoshea chupa, na kila alipokunja vidole nyufa zilimchoma. Hakujali. Alikuwa na ushahidi.

Saa sita kasorobo ndipo karani alipomwita ndani.

Walikuwa wanaume watatu nyuma ya meza ndefu. Wote walikuwa na vyeti, na wote vita viliwakuta wakiwa na maradhi yasiyowaruhusu kukaribia risasi. Amani iliporudi walipona siku moja.

"Karibu, mama," alisema mwenyekiti. "Unaomba leseni ya ufamasia. Cheti cha chuo kiko wapi?"

"Sina, mzee. Lakini tangazo lenu linasema aliyetoa dawa hospitalini wakati wa vita, miaka mitatu na zaidi, anaweza kufanyiwa usaili. Mimi nimetoa minne."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa mwosha chupa. Miaka tisa."

Mmoja wao akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Kweli alikuwa mwosha chupa. Lakini sinki lile lilikuwa hatua mbili tu kutoka meza ya kuchanganyia dawa, na mtu mwenye macho na akili hawezi kukaa miaka tisa hapo akaondoka mtupu. Mizinga ilipoanza kusikika mjini, Mfamasia Mkuu alifunga virago kwenda kujificha kwa wakwe zake, ng'ambo ya mpaka. Kabla hajaondoka alimwita pembeni. Sheria ilikuwa haitaki dawa itoke dirishani bila saini ya mfamasia aliyesajiliwa, na aliyesajiliwa hospitali nzima alikuwa yeye peke yake. Kwa hiyo alimkalisha mwosha chupa wake adhuhuri nzima, akamfundisha saini yake kwenye karatasi za kufungia vidonge, mpaka mkono ukazoea.

"Wiki mbili tu, dada," alisema. "Wasije wakafunga dirisha."

Wiki mbili zikawa miaka minne. Maji ya dripu yalipokwisha, Mama Mizani alichemsha maji ya mvua, akayachuja na kuyatia chumvi kwa kipimo. Vidonge vya malaria vilipokwisha, alitwanga magome ya mkwinini. Askari walipoiba mawe ya mizani, aliokota maganda ya risasi uani, akayasugua kwa tupa, hili mpaka likawa gramu tano kamili, lile kumi. Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Mizani. Na kila jioni, chini ya kila ukurasa, aliweka saini aliyofundishwa.

Mwenyekiti alifunua rejista ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uso wake ukakunjuka.

"Kazi safi sana. Lakini mama, hii ni saini ya Mfamasia Mkuu."

"Ndiyo, mzee, ila niliiweka mimi. Mwenyewe hakuwapo."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Polepole hapo, mama. Kughushi saini ya mtaalamu ni jela. Sasa tuelewane. Kama ulisaini wewe, nawaita polisi. Kama alisaini yeye, basi dawa alitoa yeye, na wewe huna hata siku moja ya kazi ya famasi. Lipi?"

Njia nzima alikuwa amejisemea kwamba rejista zitamsemea, na kumbe alikuwa amejibebea kamba ya kunyongewa.

"Watu walipona, mzee."

"Sijauliza watu."

"Basi muulizeni yeye!"

"Tumeshamuuliza." Akainua barua. "Anasema hakubanduka famasi vita vyote, akisaidiwa na mwosha chupa mtiifu. Ijumaa anavishwa nishani. Haya, mama. Nani alisaini?"

Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemkwepa macho, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Walijua.

"Alisaini yeye," alisema.

"Vizuri. Rejista tutabaki nazo. Tunaandika historia ya taaluma yetu wakati wa vita."

Alirudi na gunia tupu.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, alikuwa sinkini mikono imezama kwenye magadi, Mfamasia Mkuu alipoingia na kurudisha mlango nyuma yake. Nishani ilikuwa bado kifuani. Mkononi alikuwa na karatasi mbili.

"Dada, hebu nisaidie kidogo. Bohari ya dawa wamerudisha maombi yangu mara ya pili. Wanasema saini hailingani na ile ya miaka minne iliyo kwenye faili."

Hakucheka, ingawa kicheko kilimpanda mpaka kooni.

"Na mimi ulinisaidia nini kule barazani, kaka?"

"Ningefanyaje? Ningesema nilikimbia, ningefungwa."

"Na mimi je?"

"Si hukufungwa?" Akashusha sauti. "Dada, wodi ya watoto leo siku ya tatu haina kwinini. Unawasikia mwenyewe."

Alikuwa akiwasikia. Ukuta wa sinki ndio ukuta wa wodi ile. Alisonya, akajifuta mikono kwenye aproni, akachukua kalamu. Saini ilitoka moja kwa moja, mkono haukusita.

"Na hii. Ni orodha ya wafanyakazi. Wanataka ziende pamoja, la sivyo hawafungui bohari."

Alitaka kusaini tu yaishe, lakini macho yalishasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Mfamasia Mkuu. Wa pili, msaidizi wake, ulikuwa wa mpwa wake, aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Wa tatu ulisema: *Mwosha chupa, mmoja. Hajui kusoma wala kuandika.*

"Kaka, hii nini?"

"Ni kwa usalama wako, dada. Mtu asije akauliza maswali."

Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa akilia kwa sauti iliyokauka. Tone la maji ya magadi lilidondoka kutoka kwenye kiwiko cha Mama Mizani, likatua ukingoni mwa karatasi. Mfamasia Mkuu akalifuta upesi kwa leso.

"Usiiloweshe," alisema, akimwinamia begani. "Na ule mkia wa mwisho uvute vizuri, kama kawaida yangu."