Lango, Ngazi na Kengele

Mimi na pacha wangu tulifanya mtihani mmoja wa kuingia shule ya wateule. Alama mbili tu zilitutenganisha, na mstari wa kufaulu ukapita katikati yetu: mimi ndani, yeye nje. Kwa alama hizo mbili nilitembea kifua mbele miaka minne. Sweta ya shule, yenye nembo kifuani, niliivaa hata likizo, hata jua likiwaka, hadi mama, ambaye ni fundi cherehani, akaniuliza kama nina homa.

Pacha wangu alisoma shule ya jirani, ambako wanafunzi tisini waligombania hadubini moja. Huko alikuwa wa kwanza kila muhula. Mimi nilikuwa wa sabini na sita kati ya themanini.

"Lakini kati ya simba," nilimwambia.

"Basi wewe ni mkia wa simba, kaka."

Mtihani wa mwisho ulitupa alama sawasawa. Nilidhani wamekosea kuandika. Tukaomba chuo kikuu kimoja, na fomu ilitaka ukurasa mmoja wa kujieleza. Pacha wangu aliandika jinsi alivyopanga zamu, kila mwenzake akapata dakika sita za hadubini.

Nilicheka. "Unawapelekea habari za foleni?"

Mimi niliandika beti kumi na mbili. Lango la shule, ngazi za mawe, kengele, picha ya mwanzilishi ukutani. Vina vilikaa kama meno ya kitana. Nilijionea wivu mwenyewe.

Siku ya usaili, mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, aliishika kazi yangu kwa vidole viwili.

"Kijana, lango nimeliona. Ngazi nimezipanda. Kengele nimeisikia. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, mama."

"Ubeti wa ngapi?"

Nikapekua. Sikuwamo. Wenzake wawili waliinamia meza, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Waombaji kutoka shule yenu ni sitini na mmoja," akasema, "na karibu wote wameniletea lango hilo hilo. Lete ukurasa mwingine Ijumaa. Ukiitaja shule, nautupa."

Nilifika nyumbani nikifoka. "Hawajui shairi hao!"

"Wanalijua," alisema pacha wangu. "Ndiyo maana wamekuonea huruma."

Nikaketi na karatasi. Nikaandika "Mimi", nikakwama. Nikiivua shule, nilibaki na nini? Mama alikuwa akishona, mguu wake ukikanyaga pedali. Nilisikiliza kwa hasira, kisha bila hasira. Kumbe nilikuwa nahesabu.

Nilianza kuhesabu hivyo nikiwa na miaka kumi, chini ya meza yake ya kukatia, kabla ya mtihani wowote. Anakanyaga mara nane, anageuza kitambaa, anakanyaga nane tena. Maneno yangu niliyapanga kwa mguu ule, nane kwa nane, na hakuna mwalimu aliyenifundisha. Shuleni sikuwahi kulisema. Niliwaambia ushairi ni damu ya ukoo wetu, wakati ukoo mzima hauna mtu aliyewahi kutunga hata salamu za arusi.

Mama akasimamisha cherehani. "Mbona umeacha kuandika?"

"Usisimame, mama. Kanyaga."

"Kitambaa kimekwisha."

"Kanyaga hivyo hivyo."

Akakanyaga bila kitambaa, akinitazama kama mtu anayefikiria kuita daktari. Niliandika mpaka ukurasa ukajaa, na Ijumaa nikaupeleka.

Majina ya waliokubaliwa yalibandikwa ukutani kwa kufuata alama za usaili. Pacha wangu alikuwa wa tatu. Mimi nilianza kujitafuta kutoka juu kabisa, kwa mazoea ya watu wa shule yetu, nikawa nateremka jina baada ya jina, jasho likinilowanisha ndani ya sweta. Nilipofika katikati, bado sikujiona.

Pacha wangu hakunisubiri. Alikuwa ameshachuchumaa karibu na sakafu, kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Kaka," akaita, "shuka huku. Umo."