Karatasi za Wapakizi

Mwanarusi binti Mwinyihaji alirudi kwao Likoni mwaka 1994, baada ya miaka miwili ya kusomea roboti Ulaya. Chuo chake kiliwaweka wahandisi darasa moja na wanaosomea maisha ya jamii, na aliyetaka kuunda mashine ilimlazimu kukaa kwanza na watu ambao ingewagusa, awasikilize, aandike sura ya tasnifu juu yao. Bila sura hiyo hapakuwa na shahada.

Alichagua kiwanda cha unga Changamwe, kilichotaka mkono wa chuma wa kupanga magunia. Meneja, Bwana Mramba, alimpokea kwa bashasha, akampa karatasi ya makubaliano. Mwanarusi akatia sahihi bila kuisoma hadi mwisho.

Miezi minne alishinda ghalani na wapakizi. Aliyemfundisha zaidi ni mzee Jefwa, aliyebeba magunia pale miaka ishirini na miwili. Alimwonyesha namna ya kulisubiri gunia likalie bega lenyewe badala ya kulivuta. Mwanarusi akapima goti, kiuno na bega lake, na vipimo vile akavitia katika michoro ya mkono wa chuma.

Siku moja Jefwa alimwambia kwamba mgongo wake umeharibika tangu mwaka juzi, na jioni wenzake humbebea.

"Nakwambia wewe tu, mwanangu. Ofisini hawajui."

"Litabaki kwangu, baba."

Akaliandika hata hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa: usiache kitu.

Wiki iliyofuata Bwana Mramba alimwita ofisini. "Daftari lako uniachie. Nina watu kumi na mmoja wa kupunguza, na sitaki kubahatisha."

"Waliniambia kwa kuniamini."

"Soma kifungu cha mwisho. Kila kinachoandikwa humu ni mali ya kiwanda. Na barua ya chuo chako inangoja sahihi yangu."

Mwanarusi alitoka akasimama kwenye ujia, mkono ukutani. Akilitoa daftari, amemtoa Jefwa. Akilizuia, miaka miwili imepotea, na mkono wa chuma utasimikwa ghalani vilevile, maana michoro alishaikabidhi. Kila upande aliogeukia alikuta kazi yake mwenyewe imemzibia njia. Siku mbili alilala nyumbani, hakwenda ghalani. Mama yake alidhani ni malaria.

Siku ya tatu, saa ya mapumziko, alimwendea Jefwa akamweleza yote.

Jefwa aliweka muhogo wake chini. "Uliandika na la mgongo?"

"Niliandika."

"Nilikuomba."

"Uliniomba, baba."

Mzee alinyosha mkono. "Basi nipe karatasi yangu."

Mwanarusi akaichana kutoka daftarini akampa. Wengine nao wakaja, kila mmoja akachukua yake. Mmoja wao, Mwidani, hakujua kusoma, akataka asomewe. Mwanarusi akamsomea kwa sauti ya chini. "Ndivyo nilivyosema," akasema, akaikunja akaitia mfukoni.

Alipoletewa daftari lisilo na kurasa zile, Bwana Mramba hakufoka. Barua ya chuo tu hakuitia sahihi. Wale kumi na mmoja aliwachagua kwa umri, na Jefwa alikuwa wa tatu.

Mwanarusi akakipelekea chuo michoro peke yake, nacho kikajibu: mashine ni safi, lakini watu hawamo, aianze upya sura ile au aache. Kiwanda gani kingempokea tena? Na mkono ule, uliokwisha kusimikwa, ulipokwama, hakuna mwingine aliyejua kuutengeneza. Bwana Mramba akampa kazi ya kuuangalia, naye akaikubali. Kila asubuhi alisimama palepale aliposimama Jefwa.

Jumapili moja alikwenda Mwakirunge, ambako mzee sasa alikaa karibu na machimbo, akiponda kokoto ameketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ungali humo?"

"Ningali."

"Utatoka lini?"

"Wallahi sijui."

Jefwa hakumlaumu wala hakumfariji. Alisogea kidogo kumpa kivuli, na mkewe, Kanze, akaleta chai.