Kilio Kilichosikika Kama Salamu

Dod Wiseman alifariki Jumapili asubuhi, akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, na jioni yake Mina akamenya viazi vya watu wawili. Alipogundua hakushtuka. Alivichemsha vyote, akala vyake, vilivyobaki akavifunika kwa sahani kama alivyozoea kufanya Dod alipochelewa karakanani. Kisha akaosha sufuria.

Hakulia. Si kwamba alijizuia. Machozi hayakuwapo tu, kama maji yanapokatwa na mtu akabaki akizungusha koki. Habari ya kifo cha mumewe aliisikia kana kwamba inasomwa redioni kwa jirani. Alijua ni ya kweli, lakini haikumfikia.

Wifi yake Elspet, dada mkubwa wa Dod, alilia kwa niaba ya kijiji kizima. Alishuka siku ileile kutoka nyumba yake ya kule juu, akalia jikoni, akalia ngazini, akalia akiwa amekumbatia koti la ndugu yake. Katikati ya kwikwi alimtazama Mina, akamuuliza kama ameshalia. Mina akasema bado.

"Yatakuja, wifi," Elspet akasema, akipangusa pua. "Usiyaite tu. Machozi ni kama paka, ukiyaita hayaji."

Hapo Portgarvie, kijiji chao cha kaskazini mwa Uskoti, kulia kunaitwa *greet*. Mtoto aliyeanguka, mama wa bibi harusi, mlevi wa Jumamosi, wote neno lao ni hilo hilo. Waingereza wa kusini wanalo pia, kwa herufi zilezile, ila kwao maana yake ni kusalimu. Watu wa Portgarvie wanalijua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba jina lake analo mtu mwingine mji wa mbali. Hawalifikirii.

Jumanne alikuja Mchungaji Ashdown. Alikuwa kijana wa kusini, hajamaliza mwaka kijijini, mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa kwa matope. Mina alimweka chumba cha mbele, akamletea chai na biskuti za oti na jibini. Kisha akafanya kama wafanyavyo watu wote wa rika lake mbele ya mchungaji, au daktari, au yeyote mwenye tai: akabadilisha ulimi. Shuleni walichapwa viganjani kwa mkanda wa ngozi kila waliposema maneno ya nyumbani, na tangu hapo walijifunza kulikagua kila neno kabla halijatoka. Lakini *greet* halikuwahi kumponza mtoto hata mmoja. Mwalimu naye alizaliwa Portgarvie. Alilisikia kila siku na asione kasoro yake. Ndiyo maana Mina aliamini kuwa ni neno la watu wote.

Mchungaji alimuuliza anaendeleaje. Mina akaitazama chai yake, kisha akasema kwa Kiingereza cha shule, kila silabi imepigwa pasi:

"Siwezi *greet*, Mchungaji. Watu wanaingia, wananitazama, wanangoja, na mimi siwezi kabisa."

Laiti angelisema kwa lafudhi ya nyumbani, yule kijana angejua kuwa amekutana na neno la kigeni, angeuliza. Lakini alichosikia kilikuwa Kiingereza chake mwenyewe, kisafi kabisa, kikimwambia kuwa mjane huyu hawezi kusalimiana na watu. Akaweka kikombe chini. Akasema taratibu kwamba hakuna atakayemlazimisha, na kwamba jambo hilo amwachie yeye. Mina aliona ni ajabu kidogo, mchungaji kushughulikia machozi ya mtu. Lakini hata ajabu yenyewe ilikuwa mbali naye. Akamshukuru.

Na kweli alilishughulikia. Alipita duka la mikate, akamwomba mwenye duka, kwa sauti ya chini, awaambie watu kwamba Bi Wiseman hawezi kuonana na watu, anaomba asitembelewe kwanza. Neno halijawahi kuingia duka lile likalala humo. Kabla ya chakula cha mchana kijiji chote kilikuwa nalo.

Jumatano hakuja mtu. Wiki ya msiba, mlango wa Portgarvie huwa haubishwi hodi. Watu huingia na vyungu vya supu, wakakaa, wakamsengenya marehemu kwa upendo. Mina alikuwa amepanga vikombe, navyo vikabaki vilivyo. Kupitia dirishani alimwona jirani yake amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Akafika getini, akasimama, akageuka, akarudi kwake. Ameghairi, Mina akawaza. Akaendelea kupatazama pale aliposimama jirani hadi chai ikapoa.

Alhamisi akaja Bwana Cowie, mwenye kazi ya mazishi. Huko jeneza huteremshwa kwa kamba, na kila kamba ina mwenyewe. Kichwani hushika aliye karibu zaidi na marehemu, miguuni anayemfuatia, na Cowie huwapelekea mapema kikadi chenye namba ya kamba. Kikadi cha miguuni alikuwa amempelekea Elspet. Sasa alikiweka mezani mbele ya Mina, akazungusha kofia yake mikononi. Akasema Elspet hatashika kamba, wala makaburini haji. Kulikuwa na ujumbe pia, ambao angependa asiutoe. Mina akamwambia autoe.

"Amesema umpe mtu unayeweza kuvumilia kumtazama usoni."

Mina alingoja aumie. Kitu kilisogea kidogo ndani, kama samani nzito inayosukumwa ghorofani, kikatulia. Yeye na Dod hawakupata watoto. Elspet akiondoka, hakuna tena duniani wa kumwita wifi. Hilo alilielewa waziwazi, kama mtu anavyosoma bango barabarani, na akaelewa pia kwamba mtu aliyelielewa hivyo inampasa kufanya jambo. Akavaa koti, akachukua kikadi, akaupanda mlima.

Elspet alifungua mlango nusu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kumbe leo unaweza," akasema.

"Naweza nini?"

"Kuonana na watu. Niliambiwa huwezi. Niliambiwa kwenye foleni ya mikate, wifi, nyuma ya mke wa mwenye posta. Ndugu yangu hata hajazikwa, na habari za nyumba yake napewa pamoja na skonzi."

Mina akasema hakumkataza mtu yeyote. Elspet akasema basi mchungaji kadanganya, na yule kijana hana hata akili ya kudanganya. Mina akasema alimwambia mchungaji jambo moja tu.

"Ulimwambiaje? Hebu sema vilevile ulivyosema."

Mina akasimama wima pale kizingitini. Bila kukusudia mikono ikakunjana mbele yake, na ile sauti ya shule ikatoka, imenyooka. Siwezi *greet*, Mchungaji.

Elspet akauvuta mlango ukafunguka wote.

"Ulitumia sauti hiyo? Ya kwa daktari?"

"Alikuwa mchungaji."

"Mchungaji wa kusini."

"Ndiyo."

Elspet akaachia mlango, akaketi kwenye ngazi. Mabega yakaanza kumtikisika. "Maskini mtoto wa watu," akasema. "Umempa kilio, yeye akapokea salamu." Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema Dod angelisikia hili angelala chini kwa kicheko, na jina hilo lilipomtoka kicheko kikageuka palepale, hakikuchukua hata pumzi. Mina alimtazama akilia. Kisha naye akajibana kando yake, maana ngazi ilikuwa nyembamba, akamshika upindo wa mkono wa sweta. Mkononi sufu ilikuwa na joto. Hilo alilihisi.

Walipotulia, Elspet alimpigia simu mchungaji na hakumpa nafasi hata ya kusema haloo. Kijana alifika akihema, viatu vimelowa, masikio mekundu. Kabla ya kuja alikuwa amefungua kamusi kubwa, si kwa kujitetea, alisema, bali alitaka kujua amekosea wapi. Alieleza kwamba zamani sana yalikuwa maneno mawili, kila moja na sauti yake: moja la kulia, moja la kumwita mtu kwa salamu. Karne zikapita, midomo ikayasugua hadi yakasikika sawa. Kule kusini lile la machozi likafifia, likasahaulika. Huku kaskazini halikufa, na hata umbo lake la kale la wakati uliopita limebaki: *grat*, yaani nililia.

"Bi Wiseman angesema *grat*," akasema, "ningejua silijui. Ningeuliza."

"Angelisemaje na hajafika huko?" Elspet akasema. "Hana kilio cha jana cha kukusimulia." Kisha akamkazia macho. "Kwa hiyo ninyi mlichagua salamu, mkatuachia machozi."

"Inaonekana hivyo," mchungaji akasema kwa unyonge, na Elspet akamsogezea chai.

Mchungaji alimwomba Mina radhi. Mina akasema si kitu. Lakini kijana hakuondoa macho, alikuwa akingoja kweli, na Mina akaona si haki kumpa jibu la adabu tu.

"Bado siwezi," akasema, safari hii kwa ulimi wa nyumbani.

"Nimekusikia," akasema mchungaji.

Ijumaa upepo ulivuma makaburini ukayabandua maneno ya sala mdomoni mwa msomaji. Mina alishika kamba ya kichwani, Elspet ya miguuni. Kamba ilipita viganjani mwa Mina kwa uzito, kisha uzito ukaisha, na akaiachia kama walivyoiachia wengine. Alingoja. Hakuna kilichokuja.

Desturi ni kwamba baadaye wafiwa husimama penye lango, na kila mtu hupita kuwapa mkono. Kijiji chote kilikuwapo, kimejipanga, na kwa aibu ya zile siku tatu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Mina aliutazama msururu ule, akamnong'oneza Elspet kwamba watamtazama, watangoja, na hana cha kuwapa.

Elspet alikuwa ameshalowa uso mzima. Akajipenyeza kumkaribia, bega kwa bega.

"Basi tugawane lile neno, wifi," akasema. "Mimi nachukua la kwetu. Wewe chukua la mchungaji, mpaka lako lifike."

Mina akalifikiria. Lilikuwa jambo analoweza. Wa mbele alikuwa yule jirani wa bakuli, ameinamisha kichwa, hajui aanzie wapi. Mina akamwita kwa jina, akamuuliza habari za nyumbani, akanyoosha mkono wake wa kulia.