Posa Iliyokwenda Kutembea

Salvator hakuwa na ugomvi na Waingereza. Wao walikuwa kwao, yeye alikuwa na duka lake la misumari na rangi hapa Kabeza, mtaa wa jirani na uwanja wa ndege, kila mtu na lake. Ugomvi ulianza siku Keza, binti yake wa pekee, aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi akabaki huko kufanya kazi, alipopiga simu kusema kwamba amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ni Mwingereza wa kuzaliwa.

Mzazi mwingine angeuliza mshahara au dini. Salvator alikuwa mjane wa mwaka wa sita, na kilichokuwa kimemweka hai miaka hiyo yote ni Jumapili. Watu wakitoka misa wanaingia kwake, viti vikikosekana wanakalia kreti za fanta, wanakula maharage na kusema mpaka jioni. Kwa hiyo aliuliza lile alilolijali.

"Hao watu, siku ya kupumzika, wanafanyaka nini?"

Keza alifikiri. "Baba yake anapendaka kutembea, Papa. Anavaa mabuti, anapanda mulima kwenye matope, anafika juu, anakula mukate, anashuka."

"Juu iko nini?"

"Hakuna kitu."

"Iko mutu alikuwa anamungoja?"

"Hapana."

"Na mukate, si alitoka nao nyumbani?"

"Ndiyo, Papa."

Salvator akahamishia simu sikio la pili, huenda lile la kwanza lilikuwa na hitilafu. "Na mama yake?"

"Anapenda picha yenye imekatwa vipande elfu moja. Anaipanga mwezi muzima. Ikiisha anaibomoa, anairudisha kwa boksi."

"Sasa kama anataka kuiona hiyo picha?"

"Iko juu ya boksi, Papa."

Jioni ile alifunga duka mapema. Alimweleza rafiki yake Twagirayezu kwamba mtoto wake anakwenda kuishi na watu wanaopumzika kama wamehukumiwa. Twagirayezu, dereva mstaafu mwenye mdomo uliowahi kumaliza kesi tatu za mpaka wa kiwanja, alicheka mpaka akashika mbavu. Salvator hakucheka. Yeye aliona Jumapili mbele yake, na mtoto wake amesimama juu ya mlima, mvuani, ameshika mkate.

Majuma mawili kabla ya gusaba, siku ya posa yenyewe, Keza akaja nyumbani, na pamoja naye akaja baba mkwe. Jina lake Frederick: mrefu, mwembamba, mwekundu shingoni. Ujanani alifundisha hesabu Tabora, akarudi kwao na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Asubuhi ya kwanza alibisha mlango wa jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

"Je, naweza kukusumbua kwa maji ya moto, ikiwa hayatakuwa na kazi nyingine?"

Alijaza chupa ya chai, akachukua kiti cha kukunja alichokuja nacho toka Uingereza, darubini na daftari, akapanda kilima kilicho nyuma ya maduka, mahali ambapo uwanja wa ndege unaonekana wote. Akaketi. Ndege ikitua, anatazama mkia, anaandika namba. Ikiruka, anaandika namba. Siku ya pili mkuu wa umudugudu, kiongozi wa mtaa, alikuja kuuliza kuna nini. Alionyeshwa daftari, akasoma kurasa nne, akaondoka akitikisa kichwa kwa huruma.

Aibu ilimfika Salvator. Mgeni wa mtu kukaa peke yake kilimani, tena mbele ya macho ya Kabeza nzima! Watu wangesema amenyimwa sebule. Ikabidi naye apande, na kreti yake, akae kando yake.

"Mzee Frederick, hizo namba unapelekea nani?"

"Sipeleki kokote, ndugu yangu. Ninaziandika tu."

"Iko ndege yako hapo?"

"Hapana."

"Iko mutu wako ndani?"

"Leo hayumo."

"Sasa?"

Frederick alikunja kipaji cha uso kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ninapenda kujua kwamba nyingine imefika," alisema mwishowe.

Salvator aliona hilo si jibu la mtu mzima. Na hapo ndipo ilipokuwa kazi yake, kazi moja tu aliyopewa na Keza. Frederick alikuwa amekataa kukodi msemaji. Alitaka kumposea mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe, kwa heshima. Basi ilitakiwa aelezwe mapema kwamba siku ya gusaba watakataliwa. Kwamba kukataliwa ndiyo sherehe yenyewe: upande wa binti hukana, upande wa kijana hubembeleza, hutania, hung'ang'ania, mpaka binti atolewe. "Papa, umweleze vizuri," Keza alikuwa amesema. "Hao wakiambiwa hapana, wanaamini."

Salvator aliahidi. Kila siku pale kilimani maneno yalimfika kooni, na kila siku aliyameza akasema kesho. Wala tusimsingizie kwamba alisahau. Alitaka kuona. Watu wanaopanda mlima bila sababu, je, watamng'ang'ania mtoto wake?

Jumamosi ikafika. Posa ilikuwa saa nane, na saa nane kamili Waingereza kumi na wawili, Frederick na jamaa zake walioshuka na ndege juzi, walikuwa langoni, wakati hema bado lina miguu miwili. Walisaidia kulisimamisha. Walipanga viti, wakavipanga tena. Wenyeji walipotimia, karibu saa kumi, wageni walikuwa wameiva kwa jua, wameketi upande wao na leso za jasho vichwani, na mchumba mwenyewe katikati amenyooka kama yuko kwenye mtihani. Keza alikuwa ndani anavishwa. Salvator aliketi kwenye kiti cha baba, ambako desturi haimruhusu kufungua mdomo. Msemaji wake alikuwa Twagirayezu, aliyewahi kuikataa posa moja mara tisa mpaka mjomba wa bwana harusi akalia.

Frederick akasimama. Hakutaja mababu, hakuuliza habari za mvua, hakusifu mji.

"Tumekuja kwa unyenyekevu kumwomba binti yenu Keza awe mke wa mwanangu. Asanteni."

Watu wakatazamana. Twagirayezu akainuka polepole, akirekebisha shuka lake begani, uso umejaa furaha iliyofichwa.

"Keza?" alisema. "Hapa kwetu hatuna mutoto anaitwa Keza. Hata hilo jina ndiyo leo tunalisikia."

Upande wa binti wakaguna kwa raha. Shingo ya Frederick ikawa nyekundu zaidi. Asubuhi ile ile alikuwa amekunywa chai na Keza, na dirishani sauti yake ilikuwa ikisikika akiulizia pini. Lakini kwao adabu ya namna hiyo wanaijua sana: ukiambiwa mtu hayupo, na huku unamsikia akikohoa chumbani, unaelewa, unaondoka.

"Hamna kabisa?"

"Hatuna."

"Aa. Samahani. Samahani sana kwa usumbufu."

Akawageukia watu wake, akasema maneno mawili matatu. Wote kumi na wawili wakasimama kwa pamoja. Wakarudisha glasi mezani. Wakanyoosha viti. Wakapanga foleni mpaka langoni, bila kuambiwa, bibi mbele, na kila mmoja akampa Twagirayezu mkono na kumshukuru kwa fanta. Mchumba alipita wa mwisho, machozi yanamtoka, lakini hakuvunja foleni.

Twagirayezu alibaki na mkono hewani. "Wanaenda wapi?" alimnong'oneza Salvator. "Mimi bado niko na *hapana* nane!"

Barabarani Frederick alisimama kidogo. Jioni nzima ilikuwa imebaki, na moyo wa mtoto wake umevunjika. Mwingereza akifika hapo hufanya kile anachokijua. Akaanza kutembea, nao wakamfuata.

Sasa nyuma ya jiko alikuwapo Ntare, mzee wa kusifia ng'ombe, aliyekuwa akisubiri zamu yake tangu asubuhi. Aliposikia miguu ikitoka alidhani ng'ombe wa mahari wanapitishwa, akachomoka na fimbo yake, akaushika mkia wa msafara huku akiimba majina ya ng'ombe kwa sauti nene ya kutetemesha. Mbele wazungu kimya, macho mekundu. Nyuma mzee na fimbo. Aurore wa duka la unga akauliza, "Nani amekufa?" Hakujibiwa, na kwa heshima akafunga duka, akaingia kwenye mstari. Kinyozi naye akaingia, na taulo na mteja wake. Madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wakazima injini, wakavua kofia. Kufika kona ya pili walikuwa watu hamsini, na wanawake wawili walishaanza kumlilia marehemu.

Nyumbani, Keza akatokea mlangoni, nusu ya nywele imesukwa. Akaona viti vimenyooka.

"Papa. Ulimweleza?"

Salvator akaanza kunyoosha kiti kilichokwisha kunyooshwa.

"Papa."

"Sikumweleza."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa kwenye ngazi na vazi lake jipya la sherehe, mushanana, akasema taratibu, "Ulitaka waende."

Iliingia kama msumari, na Salvator anaijua misumari. Ni kweli alitaka waende. Lakini alitaka waende wakiwa wamekataa kwenda, na hayo mambo mawili hayawezi kukaa katika kichwa cha mtu mmoja mwenye akili. Akanyanyuka, akapandisha shuka magotini, akakimbia na viatu vyake vya ngozi, na Twagirayezu nyuma yake akihema.

Aliwakuta juu ya kilima. Na kule juu hakukuwa na kitu, kama Keza alivyosema. Shangazi mmoja alikuwa ametoa mkate kwenye mkoba na walikuwa wanagawana, kimya. Waombolezaji wameketi majanini wanasubiri padri. Ntare alikuwa amefika kwa ng'ombe wa kumi na saba.

"Mzee Frederick," alisema Salvator, na pumzi hakuna. "Mimi niko na mutoto. Anaitwa Keza. Iko. Iko nyumbani anavaa."

Twagirayezu akaziba uso. Baba wa binti kusema mwenyewe! Salvator hakujali tena.

"Kwetu tunakatalaka kwanza, ndiyo heshima. Munatuomba, tunakataa, munaomba tena. Nilitakiwa nikueleze, nikanyamaza. Niliogopa. Niko na huyo mumoja tu. Nikajiuliza, kule kwenu, Jumapili, mutoto wangu atakaa na nani?" Akashusha shuka lililokuwa magotini. "Sasa mimi ndiye naomba. Tafazali, mutupe kijana."

Tangu Kabeza iwe Kabeza, hakuna baba aliyewahi kumwomba bwana harusi, tena mlimani, mbele ya matanga ya mtu asiyejulikana. Frederick akakunja leso yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Kijana?" alisema. "Kijana gani? Sisi hapa hatuna kijana."

Mwanawe alikuwa amesimama kando yake, mkate mdomoni.

Halafu Twagirayezu akaelewa, akapiga magoti kwa furaha kama aliyerudishiwa kazi yake. "Na huyo anayetafuna ni nani?"

"Huyo ni mpita njia."

"Mbona anafanana na wewe masikio?"

"Masikio ya namna hiyo ni ya kawaida sana kwetu."

Wakaendelea hivyo, na Frederick akakataa mara nane, moja kwa kila *hapana* iliyombakia Twagirayezu, bila kutabasamu hata mara moja. Ya saba ilikuwa ngumu kiasi kwamba Salvator aliingiwa na hofu ya kweli. Katikati ya ubishi ndege ikashuka. Frederick akainua mkono, akasema, "Samahani kidogo," akatoa daftari. Watu hamsini wakanyamaza mpaka alipomaliza kuandika. Aurore wa unga alipoambiwa kwamba hakuna aliyekufa, alisema haidhuru, duka ameshafunga, chakula kiko wapi?

Harusi ikapita, na siku ya kuondoka ikafika. Frederick, mwanawe na watu wao walikuwa wametangulia kwao. Keza alimkumbatia baba yake uwanjani saa mbili asubuhi, na Salvator akarudi Kabeza kwa miguu. Hakwenda dukani. Sebuleni kiti cha kukunja kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimeachwa, na juu yake daftari jipya.

Akapanda kilima. Ndege ya Keza ilipojikongoja hadi mwisho wa njia yake, alikodoa macho mpaka yakatoa maji, akaandika namba, herufi kwa herufi. Ilipotoweka mawinguni alimtumia Frederick ile namba kwa simu, bila salamu.

Siku nzima hakuonekana akila. Saa moja jioni manyunyu yalianza, na Twagirayezu, aliyekuwa akimtafuta tangu mchana, akamkuta bado juu kule, kiti kimelowa.

"Salvator! Unafanya nini huku peke yako, na hii mvua?"

Salvator alimnyooshea simu. Kiswahili cha ujumbe kilikuwa kimenyooka kama rula: *Imefika. Nimeiona namba kwa macho yangu, nikiwa kwenye uzio. Mvua inanyesha hapa. Tumekuja tisa kumpokea, na tumepanga foleni. Jumapili wote watakuwa kwangu, hata wale nisiowapenda.*

Twagirayezu alisoma mara mbili, akapangusa kioo cha simu kwa mkono wa shati. "Sawa," alisema. "Amefika. Twende nyumbani basi."

"Ngoja kwanza," alisema Salvator, akifungua daftari. "Iko nyingine inakuja."