Zoezi la Chini ya Kitanda

Watu wa Eldoret wakimuuliza Meja mstaafu Zachariah habari za Kanada, hutaka kusikia theluji. Huwapa theluji, nao huridhika. Habari za king'ora huzimeza mwenyewe.

Mwaka 2010 jeshi lilimpeleka Toronto kwa masomo ya mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akaruhusiwa kwenda na familia. Mkewe Chelagat alikuwa mjamzito. Binti yao Jemutai alikuwa na miaka sita. Walipanga ghorofa ya nane, mtaa wa Weston, mlango kwa mlango na Edwina, mjane Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliyefurahi mno kupata watu wa kupiga nao soga kwa Kiswahili.

Zachariah alikuwa na jambo lake la kujivunia. Wakati wa machafuko ya 2008, yeye akiwa kambini mbali, Chelagat na mtoto walijifungia nyumbani siku tatu. Aliporudi alimfundisha Jemutai zoezi: ukisikia kelele za hatari, ingia chini ya kitanda. Usilie. Usiitike hata ukiitwa jina. Utatoka ukiniona mimi, kwa macho yako. Walirudia mpaka mtoto akawa anatoweka kabla hujahesabu tano. "Samaki mkunje angali mbichi," aliwaambia wenzake, kifua mbele. Hata Toronto walifanya zoezi hilo kila Jumamosi, na Chelagat alipolalamika aliambiwa mambo ya jeshi hayajui.

Alasiri moja ya Februari Chelagat alikwenda kliniki, akamwacha mtoto kwa Edwina. Zachariah aliposhuka basi aliona magari ya zimamoto yamejaa uani, na moshi mweusi ukifuka ghorofa ya saba. Wapangaji walisimama kwenye theluji, wengine na kandambili. Edwina alimjia mbio, peke yake.

"Zachariah, baba, king'ora kimelia, nimegeuka kuchukua koti, mtoto hayuko! Nimeita, nimeita, kimya. Nikajua amenitangulia chini."

"Nyumba ya huyu mama tumeikagua," alisema mkuu wa zimamoto. "Tumeita kila chumba. Hakuna mtu."

Watu wote pale walikuwa wakimtafuta mtoto aliyepotea, na Zachariah peke yake alijua kwamba hajapotea.

"Yuko humo humo, chini ya kitanda!" alipiga kelele. "Hawezi kuwaitika. Nilimkataza mimi!"

Alichomoka kuelekea mlangoni; wanaume watatu wakamdaka. Zimamoto wawili wakapanda tena, na mkuu wao akamsukumia mkononi redio ya kuwasiliana nao ili mtoto asikie sauti ya baba yake.

"Jemutai! Ni baba! Toka, mama, toka!"

Redio ilikoroma tu. Aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kikalenjin. Aliamuru, akabembeleza, mwisho akalia mbele za watu, meja mzima, kamasi zikimtoka. Ghorofani hakuna aliyeitika.

Hatimaye mmoja wa wale wawili akatokea mlangoni, kifaa cha kupumulia usoni, amembeba Jemutai. Ilibidi amvute kwa mguu, maana mtoto alikuwa ameng'ang'ania mguu wa kitanda. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi na kifua kikikoroma. Machozi hakuwa nayo hata tone. Zachariah akampokea.

"Nilikusikia kwenye redio, baba," alisema huku akikohoa. "Lakini sikukuona, kwa hiyo sikutoka. Nimefanya vizuri?"

Zachariah alipiga magoti palepale kwenye theluji, naye mikononi. Alitaka kusema ndiyo, akataka kusema hapana. Mtoto akarudia swali.