Kumi na Mmoja kwa Mmoja

Karatasi ilitoka kwenye chumba cha jopo siku ya tatu ya mashauriano, saa nane mchana, imekunjwa mara nne. Jaji Lorna Tveit aliisoma akiwa ameishusha chini ya ukingo wa meza, mawakili wasiione. Alikuwa amewakataza raia wale kumi na wawili wa jopo, ambao uamuzi wao lazima uwe wa sauti moja, wasimwandikie hesabu ya kura. Wakaandika hata hivyo: "Tumekwama. Kumi na mmoja tunasema hana hatia. Mmoja amegoma."

Hesabu kama hiyo ikimfikia jaji, inabaki kwake. Haambiwi mwendesha mashtaka, haambiwi mshtakiwa.

"Jopo linasema limekwama," akatangaza.

Mshtakiwa, Dell Ostrem, alikuwa na lori la maji ambalo serikali hulikodi msitu ukishika moto. Alishtakiwa kwa kuuwasha mwenyewe moto uliokula ekari mia tisa za msitu wa serikali kuu huko juu Montana, Marekani. Kifungo kingeweza kufika miaka mitano. Shahidi mmoja tu ndiye aliyeona lori, tena kwa mbali, na Lorna moyoni alishamwachia huru tangu jana.

Wakili wa Dell, Pruitt, akaomba dakika kumi. Zikawa arobaini. Kisha Wanda, karani aliyekaa na Lorna miaka yote kumi na tisa ya ujaji, akaingia ofisini.

"Wamepatana na mwendesha mashtaka, mama. Dell anakiri. Kifungo mwaka mmoja na siku moja."

"Nani kamshauri?"

"Woga. Kasikia wamekwama, kadhani wanamchongea jeneza."

"Mjinga mkubwa!"

"Hilo sikulisikia. Na uso huo uuache humu humu, usiingie nao kule."

Lorna akavaa joho. Kiti chake ni cha maisha. Rais aliyempa alishastaafu, na hakuna wa kumwondoa pale kwa sababu ya hukumu isiyompendeza. Lakini kutoboa siri ya jopo ni jambo jingine. Kwa hilo angejiuzulu mwenyewe, hata asipofukuzwa na mtu.

Maswali ya mtu anayekiri alizoea kuyamaliza kwa robo saa. Leo aliyaburuta.

"Unajua jopo bado lipo, na naweza kuliambia liendelee sasa hivi?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Kuna aliyekutisha?"

"Mke wangu tu."

Watu wakacheka. Lorna hakucheka.

"Unajua wanaweza kusema huna hatia?"

Mwendesha mashtaka Haugland akasimama taratibu. "Mheshimiwa, hilo umeuliza mara ya tatu sasa."

Alikuwa anamtazama machoni. Swali moja zaidi la namna hiyo na Haugland angeisoma ile karatasi usoni mwake.

Likabaki la mwisho. Mtu hakiri kwa kuitikia tu. Lazima aseme kwa kinywa chake alichokifanya. Asipoweza, jaji anakataa, jopo linaendelea.

"Nieleze ulichofanya."

"Kama ilivyoandikwa."

Lorna akaiwahi nafasi. "Maandishi hayakuwepo msituni, bwana Ostrem. Hilo silipokei."

Pruitt akamnong'oneza mteja wake. Dell akatikisa kichwa, akashika ukingo wa meza. Lorna akasubiri. Usiseme, akaomba kimoyomoyo. Kaa kimya hivyo hivyo.

"Mwaka ule mvua ilizidi," Dell akasema. "Lori lilikaa uani wiki saba, hakuna anayelitaka. Siku tatu za jua zikaja. Nikachukua ule mwenge wa kuonya madereva gari likiharibika njiani, nikauwasha, nikautupa kwenye majani makavu chini ya misonobari. Nikarudi nyumbani kusubiri simu."

"Simu ya nani?"

"Ya watu wa msitu. Ya kuniita nikazime."

Pruitt alikuwa ameacha kuandika.

"Walipiga lini?"

"Alfajiri. Nilikuwa nimeshavaa viatu." Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia. "Nilizima siku kumi na moja, Mheshimiwa. Nilifanya kazi vizuri."

Lorna akachukua kalamu. "Mahakama inapokea kukiri kwako."

Chumba kilipokuwa tupu, Wanda akamwinamia. "Jopo linakungoja, mama. Siku zote unawashukuru mwenyewe."

"Watasema nini?"

"Watakuuliza kama walikuwa sawa."

"Naenda," Lorna akasema, lakini hakuinuka.