Fungua Moja Tu

...na huyu naye hanyamazi, tangu atue mzigo wake pale kwenye jiwe hajafunga mdomo hata kumeza mate, anamenya yai la kuchemsha huku anaongea, anatia chumvi huku anaongea, na yeye alishamwamkia, shikamoo, marahaba, ingetosha, watu waamkiane njiani kisha kila mtu na hamsini zake, kwani nani anajitwika shanta la kilo kumi na nane atembee ufukweni siku sita peke yake ili aje kuhojiwa, lakini Bwana Kofia, ndivyo alivyomwita moyoni kwa ajili ya lile likofia la ukili alilolifunga chini ya kidevu kwa kamba ya kiatu, Bwana Kofia ameuliza umetoka wapi, umelala wapi, mwisho wa safari wapi, mume yuko wapi, na sasa ananyoosha yai kuelekea hema lililoanikwa juu ya miamba, linachuruzika maji bado, anauliza, "Na hema hilo, binti yangu, kashona nani? Maana halifanani na haya ya dukani." Binti yangu! Ana miaka hamsini na mmoja, ana goti linalolalamika kila akishuka kilima, ana cherehani saba na mafundi wanne wanaosimama akiingia, halafu mtu asiyemjua anamwita binti... ajifanye hakusikia, ainame, afunge kamba za buti, kamba ya buti ni jambo la heshima, hakuna amsumbuaye mtu anayefunga buti. Angekuwa na pa kwenda angeondoka, lakini mbele ni mlango wa mto, maji yamejaa, na kile kitabu cha njia kimeandika kwa herufi nene kwamba usivuke mpaka uone mawe matatu yametokeza, yeye anaona jiwe moja, tena kichwa tu, kwa hiyo atakaa hapa na yai na chumvi na maswali hadi maji yaamue kupwa, na bahari yenyewe haina haraka, inajitupatupa mchangani kama mtoto aliyenyimwa, kelele tupu. Kashona nani.

Jibu lilishafika mdomoni, ndilo linalomuudhi, lilifika lenyewe bila kuitwa, mdogo wangu, mdogo wangu ndiye aliyeshona, miezi tisa sasa ulimi umeizoea njia hiyo, zipu ikikatika nani aliiweka, mdogo wangu, pindo likifumuka nani alilipiga, mdogo wangu kabla hajaondoka, hata mkanda wa begi la jirani ulipochanika, begi ambalo halikuwahi hata kuingia karakana yao, alijikuta akisema aah, hiyo itakuwa kazi ya mdogo wangu, na jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko... lakini hema hili hapana, hili halimhusu, hili alilishona mwezi uliopita, mdogo wake akiwa ameshachukua mkasi wake na kikombe chake cha chai miezi minane kabla, kwa hiyo jibu limefika mdomoni likakuta mlango umefungwa. Anavuta kamba kwa nguvu mpaka kidole kinauma. Leo alfajiri mvua haikuwa hata mvua, manyunyu, na tone la kwanza lilimdondokea kwenye paji la uso, akalifuta, akasema jasho, la pili akasema ni umande, la tatu likaingia sikioni likamwambia ukweli, akakaa amejikunyata upande mmoja wa hema la watu wawili, upande wa pili ukiwa mtupu na ndio mkavu, yaani pale ambapo angelala yule mwingine hapakuingia hata tone, alipanga hivyo nani, akanyanyua tochi kuangalia, akaizima kabla ya kuangalia, akajiambia kukicha.

"...maana mimi langu la dukani," Bwana Kofia anasema, au alishasema, sauti yake inakuja na kuondoka na mawimbi, "likinivujia nalala na hasira bure, simjui aliyelishona, nitamlaumu nani?" na anacheka, chembe za kiini cha yai zimemshika kwenye ndevu, na yeye anamchukia kwa zile chembe, anamchukia kwa kile kicheko, anawachukia waliopaka alama nyeupe kwenye miamba kuonyesha njia kana kwamba watu ni ng'ombe, anayachukia malengelenge mawili ya kisigino cha kushoto, anauchukia uzito wa hema, kwa sababu nani ana akili timamu abebe hema la watu wawili peke yake, angeweza kujishonea dogo, kitambaa alikuwa nacho, lakini alipotandaza karatasi ya vipimo mkono ulikata kama ulivyozoea, vipimo vya wawili, vilivyopangwa zamani, siku walipobandika ramani ya ufuko huu ukutani kando ya rafu ya nyuzi, mdogo wake akaipiga mstari kwa chaki ya fundi, akasema, "Karakana ikitimiza miaka ishirini, dada, tunafunga mlango wiki nzima, tunatembea kutoka mnara wa taa huu hadi ule, na wewe ndiye utakayebeba sufuria," wakacheka, mafundi wakacheka, na miaka ishirini ilipotimia aliibandua ramani mwenyewe, akawaambia mafundi naenda peke yangu, tena raha, hakuna wa kunichelewesha, na hakuna aliyecheka, waliinamia mashine zao kama wanasoma. Raha gani. Siku nne hajaongea na mtu ila kujitukana.

Mdogo wake alikuwa mchelewaji, lakini! Hilo nani atalikataa, mwezi ule wa mahema arobaini ya shule alikuwa anaingia saa nne, saa tano, macho mekundu, mtoto wake amelazwa wiki ya tatu, na kazi ni ya watu wawili na tarehe haisogei, ishirini wewe, ishirini mimi, alimwambia, na tusipoteze muda, kila mtu aogeshe ya kwake... hapo. Ndipo penyewe hapo. Anaacha kufunga kamba. Katika karakana yao hema haliondoki bila kuogeshwa, ndivyo walivyoita, na sheria waliiweka wao wenyewe tangu mwaka wa kwanza, aliyeshona hakai ndani, aliyeshona anasimama nje anamwaga ndoo tatu juu ya mishono, mwenzake ndiye anayekaa ndani na gazeti magotini, tone likidondoka kwenye gazeti hakuna mjadala, unaonyesha, linafumuliwa, kwa sababu mtu akikaa ndani ya kazi yake mwenyewe macho yanakuwa na huruma, hata gazeti likilowa atasema lilikuja limelowa. Na ni yeye, si mdogo wake, aliyesema kila mtu aogeshe ya kwake. Mdogo wake alimtazama, akasema, "Hata mara hii tu, dada?" naye akajibu, "Wewe mwenye muda wa kukaa hospitali ndiye unayeweza kungoja, mimi sina." Alisema hivyo. Kwa mama wa mtoto aliyelazwa, mtoto ambaye humwita yeye mama mkubwa na kumwachia nusu ya kila kitu anachokula, hata pipi iliyokwisha kunyonywa. Na ishirini yake yeye aliyakalia vipi? Kwa dakika mbili mbili, simu mkononi badala ya gazeti, pakavu, linalofuata, pakavu, linalofuata.

Halafu ile simu ya mwalimu mkuu, mahema kumi na mawili yamevuja, watoto wamelala wameloa, wawili wana homa, na yeye akatoka ofisini akasimama katikati ya karakana, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, akasema mbele ya wote, sauti yake anaisikia mpaka sasa, ilikuwa ya mtu anayejiamini, "Mwezi mzima mwili uko hapa, akili iko wodini, unashona huku unaota, watoto wa watu wameloa kwa ajili yako," na mdogo wake hakulia, angelia ingekuwa nafuu, alikwenda hadi kwenye yale mahema kumi na mawili yaliyorudishwa, yamefungwa kamba, yamepangwa mlangoni pa stoo, akaweka mkono juu ya moja, akasema, "Fungua moja, dada. Moja tu. Angalia pembe." Naye akasema sina haja ya kufungua. "Moja tu." Sina haja! Na mkasi ukaingia kwenye mfuko, na kikombe, na mlango.

"Ukiligeuza litakauka upesi," Bwana Kofia anasema, "upande wa ndani ndio unaoshika maji," na kwa kuwa hawezi kumwambia nyamaza mzee wa watu, na kwa kuwa hata kufunga buti kuna mwisho, anainuka, anachechemea hadi kwenye hema, analigeuza ndani nje, jua liko nyuma ya kitambaa, anainua pembe ya upande wake, ile iliyomdondokea, na nuru inapenya. Si tundu moja. Matundu, mstari juu ya mstari, yamesongamana pale vipande vinne vinapokutana, kama chujio la chai. Hiyo ni pembe yake. Hakuna mwingine anayeshona hivyo, alijifundisha mwenyewe na akajisifia, mshono ukifika pembeni anaurudisha nyuma, mbele, nyuma tena, mara tatu palepale, ili pembe iwe imara, ising'oke hata ikivutwa na trekta, ndivyo alivyokuwa anawaambia wateja, na sindano kila ikipita inatoboa, na nta haiwezi kuziba kitu kilichogeuzwa chandarua. Mdogo wake hafiki pembeni kwa mashine, anaishia upana wa kidole, anamalizia kwa mkono, fundo moja, linajificha ndani, polepole kama hana pa kwenda, na yeye alimcheka miaka ishirini kwa lile fundo. Aliwahi kuambiwa. Mwaka gani ule, wanakunywa chai, mdogo wake akiwa ameshika turubai kuelekea dirishani, "Dada, mbona unaitoboatoboa mno hii pembe?" naye, "Mimi nimeshika sindano wewe bado unatambaa," na chai ikaendelea.

Upande wa pili wa hema ulikuwa mkavu... anaugeuza, anauinua kwenye jua, pembe ile ina fundo. Fundo moja, la mkono, limejificha ndani. Amelishona yeye, anakumbuka sasa, usiku uzi wa mashine ulipomwishia akachukua sindano akamalizia namna ile aliyokuwa anaicheka, bila kufikiri, vidole vilikuwa vimeiona mara elfu, na hapo ndipo pakavu. Kumi na mawili, stoo, yamefungwa kwa kamba ileile mpaka leo. Miezi tisa anapita pale kuchukua nyuzi, anayakwepa, anapita na bega. Dakika moja ingetosha kufungua moja, kuinua pembe, kuona kama ni fundo au ni mara tatu. Angekuwa hajui angefungua. Anasimama na hema mikononi na aibu inampanda, na hasira zote za asubuhi, za yai, za alama nyeupe, za maji, zinatafuta mtu wa kumwangukia na mtu ni mmoja, yuko hapa, ana goti bovu. Mara tatu palepale. Na mama mkubwa hakwenda hata kumwona mtoto, mtoto alipotoka hospitali alipiga simu kwa simu ya mama yake, "Mama mkubwa, mbona huji?" na yeye akasema kazi nyingi, mwanangu, kazi nyingi sana, na kule nyuma ya mtoto akasikia mtu anaosha vyombo, anaacha kuosha, anasikiliza, anaanza tena.

"...na mke wangu, Mungu amrehemu, yeye alikuwa hataki kabisa mambo ya..." 

"Mimi," anasema.

Bwana Kofia anasimamisha chumvi hewani. "Wewe nini, binti yangu?"

"Hema. Umeniuliza. Nimelishona mimi."

"Ahaa," Bwana Kofia anasema, analitazama, anatazama michirizi ya maji kwenye jiwe. "Linavuja, lakini?"

"Linavuja."

"Basi," anasema, na anamsogezea yai jingine, amelimenya lote, na yeye analipokea kwa sababu mikono haina la kufanya, analishika tu. Haikuwa kazi kubwa. Neno moja, halikumvunja mtu mgongo, ila amemwambia asiyehusika, na anayehusika yuko nyuma siku nne, na simu hapa haina hata mstari mmoja wa mtandao, ameshaiangalia, ameiangalia tena, na hata kama ingekuwa nao angesema nini, nimefungua moja, hivyo tu, nimefungua moja, mdogo wangu, ila nawe ulikuwa unachelewa... hapana. Anza upya. Nimefungua moja, ulikuwa unasema kweli, lakini nawe ungeweza kunieleza vizuri... alikueleza! Aliweka mkono juu yake akakueleza! Bila lakini. Ondoa ila, ondoa nawe. Nimefungua moja. Midomo inacheza, anahisi inacheza, na kule mlangoni mwa mto bado ni jiwe lilelile, kichwa tu, maji hayajashuka hata kidole, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Umesema?" Bwana Kofia anauliza.

"Sijasema," anasema. "Bado."